Bangi Mpya, Umaskini Ule Ule

Yanasemwa mengi siku hizi juu ya bangi katika mji wetu wa Dodoma: vijiweni, kwenye vituo vya bodaboda, katika mabweni ya vyuo, na hata nje ya makanisa yetu baada ya Misa, vijana wanapobaki wamesimama kivulini. Lililo jipya katika maneno hayo ni hili: ya kwamba ipo bangi ya zamani, ile kali inayotia watu wazimu, na ipo bangi nyingine ya kisasa, ya jamii iitwayo indica, iliyo laini, ya kutuliza moyo, kuleta usingizi na kuondoa maumivu, na ya kwamba mwenye kuipanda hii ya pili hatendi kosa lolote, bali anafanya kilimo cha kisasa. Sisi tunasema wazi ya kwamba maneno hayo ni uongo, na ya kwamba uongo huo una wenyewe. Hao wenyewe hawaishi Chemba wala Bahi, na mpini wa jembe hawaujui.

Tuanze na jina, maana ndipo ulaghai unapoanzia. Neno bangi tulilipokea kutoka Bara Hindi kwa njia ya pwani, na mmea wenyewe ulifika nchi za ndani zamani za misafara. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857 akielekea Tabora, aliandika juu ya wavutaji wa bangi na jinsi walivyopaliwa na kukohoa. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba jambo hili limeletwa juzi na muziki wa redio. Wala asitokee mwingine wa kutuambia kwamba kila kilichovutwa na babu ni urithi wa kutunzwa. Babu zetu walijua pia biashara ya watumwa iliyopita katika njia ile ile.

Mtaalamu wa mimea wa Sweden, Linnaeus, aliupa mmea huu jina la Cannabis sativa mwaka 1753. Mfaransa Lamarck, alipoletewa mimea kutoka India, aliona inatofautiana na ile ya Ulaya, akaiita Cannabis indica mwaka 1785. Maana yake ni bangi ya India, basi. Baadaye sana wafanyabiashara wa mbegu wa Ulaya na Marekani walilichukua jina hilo wakalibandika kwenye mmea mfupi wenye majani mapana, uliotoka katika milima ya Afghanistan na Pakistan. Wakaupandanisha na ile bangi mirefu yenye majani membamba ya nchi za joto, wakapata machotara wasiohesabika. Skanka, neno ambalo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imelitaja mara nyingi katika miaka ya karibuni, limetokana na jina la mmoja wa machotara hao, Skunk. Kwa hiyo bangi hii inayosifiwa kuwa laini ni ndugu wa damu wa ile ambayo Mamlaka inatuonya kuwa ndiyo kali kupita zote.

Je, majina hayo yanatuambia kilichomo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Plants ulionyesha ya kwamba vibandiko vya indica na sativa haviendani vema na nasaba ya mimea yenyewe. Kinachoviongoza zaidi ni kemikali chache za harufu. Na huo ulikuwa utafiti wa bangi iliyolimwa Ulaya, ikapimwa na kuandikwa jina. Huku kwetu kete hufungwa katika kipande cha gazeti au cha daftari la mtoto. Muuzaji aliyeipokea usiku kutoka kwa mtu asiyemjua anamwambia mteja kwamba ni indica, naye mteja anaamini! Jana aliiita cha Arusha, juzi cha Malawi, na jani ni lile lile.

Tena liko jambo ambalo wauza mbegu hawamwambii mkulima. Mmea wa milima ya Afghanistan umezoea nchi ambako mchana hurefuka na kufupika sana kwa majira, nao hungoja mchana ufupike ndipo utoe maua. Dodoma iko kwenye nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, mahali ambapo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Mmea kama huo ukiwekwa katika shamba la wazi hapa kwetu huharakisha kuchanua ungali mdogo. Mkulima aliyekopa ili anunue mbegu ya ng'ambo hubaki na kichaka kinachofika magotini, deni, na hofu ya polisi.

Lakini hata kingefika kichwani, swali letu lingekuwa lile lile: kinamfanyia nini binadamu anayekivuta?

Kinacholevya katika bangi ni kemikali iitwayo THC, iliyotengwa na wanakemia Mechoulam na Gaoni wa Israeli mwaka 1964. Ndiyo ile ile katika indica, katika sativa na katika machotara wote. Kinachotofautiana ni kiasi. Bangi iliyokamatwa na kupimwa nchini Marekani ilikuwa na wastani wa asilimia 4 hivi ya THC mwaka 1995. Mwaka 2014 wastani ulikuwa asilimia 12 hivi. Ongezeko hilo halikuletwa na udongo wala mvua. Limeletwa na wafugaji wa mimea waliochagua mbegu kwa miaka mingi kwa shabaha ya kulevya zaidi. Hiyo ndiyo maana halisi ya neno kisasa katika biashara hii.

Hatusemi ya kwamba kila avutaye bangi huwa mwendawazimu. Wapo wahubiri na walimu wasemao hivyo, nao wanaiharibia kweli kazi yake. Kijana anayemwona jirani amevuta miaka kumi na bado anaendesha pikipiki yake atatuona sisi sote waongo, na siku tutakapomweleza lililo kweli hatatusikiliza. Lililo kweli linatosha. Vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini Sweden mwaka 1969 na 1970 waliulizwa habari za bangi, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 15. Wale waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na ugonjwa mkubwa wa akili, skizofrenia, mara sita zaidi ya wale ambao hawakuvuta. Utafiti mwingine, uliofanywa katika miji ya Ulaya na mmoja wa Brazil na kutangazwa mwaka 2019, uliona ya kwamba anayevuta kila siku bangi yenye asilimia 10 au zaidi ya THC yuko katika hatari ya kuchanganyikiwa akili karibu mara tano ya yule asiyevuta kamwe. Wengi hawataugua. Lakini nani ajuaye mapema ni mtoto wa nyumba ipi atakayeugua? Hatari huwa kubwa zaidi kwa anayeanza angali mdogo, ubongo wake haujakomaa, na kwa yule ambaye katika ukoo wake ugonjwa huo ulikwisha kuingia.

Na usingizi unaosifiwa je? Ni kweli, bangi huleta usingizi. Lakini aliyeizoea akiiacha hukosa usingizi kabisa, hukasirika ovyo, hutokwa jasho, chakula humshinda. Basi huivuta tena ili alale, akidhani ameponywa, kumbe anatibu njaa iliyoletwa na bangi yenyewe. Kumbukumbu hupungua, masomo hulegea, kifua huingia moshi kama wa sigara au zaidi, kwa sababu huvutwa kwa nguvu na kuzuiwa ndani. Mwendesha bodaboda aliyetulizwa na indica haoni lori la Singida hadi limefika.

Wenye kuitetea hutuambia kwamba ni dawa. Tuwajibu kwa haki, maana hoja hiyo haikosi chembe ya kweli. Ipo dawa ya kifafa kikali cha watoto iliyotengenezwa kutokana na kemikali nyingine ya bangi, iitwayo CBD, ambayo hailevyi. Marekani iliiruhusu mwaka 2018. Ipo pia nafuu ya kichefuchefu kwa wagonjwa wanaotibiwa saratani. Mwezi Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na dawa za kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliitoa bangi katika jedwali la Mkataba wa 1961 lililoihesabu kuwa haina manufaa ya tiba. Ikaiacha katika jedwali jingine la vitu vinavyodhibitiwa. Hayo tunayakubali. Lakini dawa hupimwa, huandikwa na daktari, hutolewa kwa miligramu. Hata kwinini tunainywa kwa vidonge vilivyohesabiwa, wala hakuna ajengaye kibanda Majengo akauza magome ya mti wake kwa wanafunzi.

Kuna swali jingine ambalo vijana hutuuliza wakicheka: “Padre, mbona ninyi mnakunywa mvinyo, na zabibu zake zinalimwa hapa hapa Hombolo?” Swali hilo si la kipuuzi. Ukihesabu ndoa zilizovunjika na watoto waliolala njaa katika vijiji vyetu, pombe imefanya uharibifu mkubwa kuliko bangi, na gongo kuliko mvinyo. Yeyote anayekemea bangi huku amelewa na akae kimya. Ila mtu mwenye kidonda mguuni hajikati mkono ili visigombane.

Sasa tumtazame mkulima, maana humo ndimo haki inamoumia zaidi, na humo ndimo wengi hawapendi kutazama.

Nchi yetu hii ya uwanda wa kati hupata mvua mara moja kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 500 au 600, na mwaka mwingine hata hizo hazifiki. Wazee wa Ugogo bado wanalo jina la njaa ya Mtunya, iliyokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati majeshi ya pande mbili yalipokuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Watu waliorithi kumbukumbu ya namna hiyo hawachezi na shamba. Wanapanda uwele na mtama kwa ajili ya tumbo; kwa ajili ya fedha wanapanda alizeti, karanga, ufuta, na walio karibu na mji wanapanda zabibu. Na kila moja la mazao hayo ya fedha limewahi kuwaangusha. Kiwanda cha mvinyo cha DOWICO kilipoanguka, wakulima walibaki na mizabibu isiyo na mnunuzi, wengine wakaitelekeza. Alizeti ilihimizwa mikutanoni na viongozi wa kila ngazi, watu wakaongeza ekari. Mwaka 2023 bei ikaporomoka Singida na Dodoma, mafuta ya kula ya kutoka nje yakiwa yamefunguliwa mlango kwa kupunguziwa ushuru. Aliyelima kwa kutii alipata hasara. Hakuna ofisa aliyerudi mkutanoni kumwomba radhi.

Ndipo huja mtu na fedha taslimu. Haji na mzani wala risiti. Huja usiku, hulipa nusu kabla ya kupanda, huleta mbegu mwenyewe, na huahidi kuyafuata mazao huko huko porini. Hakuna chama cha ushirika kilichowahi kumfanyia mkulima wetu hisani ya namna hiyo! Mkulima hutafuta bonde lenye unyevu, mbali na njia, au huchanganya katikati ya mahindi. Maji ambayo yangenywesha mifugo hugeuziwa huko. Watoto wa kulinda shamba hutoka shuleni. Jirani aliyeona hutishwa, au hununuliwa. Kijiji ambacho jana kilikuwa na ugomvi wa mipaka tu, leo kina siri, na kijiji chenye siri hakikai tena pamoja.

Kisha huja operesheni. Tumezisikia za Kisimiri Juu huko Arumeru na za Tarime. Katika miaka hii zimefika Kondoa, katika mkoa wetu wenyewe. Mimea hufyekwa na kuchomwa, picha hupigwa, ekari hutangazwa. Sheria ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995 na kukazwa tena mwaka 2017, inaweza kumpeleka mlimaji gerezani miaka 30. Kijana aliyefungwa akiwa na miaka 22 atatoka akiwa na 52. Mkewe atakuwa mke wa mwingine, mama yake atakuwa kaburini, shamba litakuwa limegawanywa na ndugu. Na yule mtu wa fedha taslimu? Msimu ujao yuko kijiji kingine, na nyumba yake mjini imeongezwa ghorofa.

Sisi hatuwalaumu askari wanaotii amri, wala hatusemi mashamba hayo yaachwe. Yafyekwe. Katekisimu ya Kanisa, katika namba 2291, inafundisha ya kwamba kutengeneza na kulangua dawa hizo kwa siri ni kushiriki moja kwa moja katika uovu. Hatuna mafundisho mengine ya kuwapa waamini wetu, na mwenye shamba la namna hiyo asitegemee kwamba sadaka yake ya mavuno itatufanya tunyamaze. Lakini tunauliza kwa sauti: ni haki gani hii inayoupima uzito wa kosa kwa kilo zilizokutwa shambani, isiulize ni nani aliyetoa mtaji? Maskini ndiye mwenye kukutwa na kilo, kwa sababu ndiye anayebeba. Tajiri hukutwa na hesabu za benki, na hizo hazina harufu. Tunaomba sheria hii itazamwe upya, hakimu apewe nafasi ya kutofautisha kati ya kibarua aliyelipwa kupalilia na mlanguzi aliyelipa, na upelelezi ufuate fedha hadi zilipotoka. Na tunaomba yule anayerudi kijijini baada ya moto kuzimika awe bwana shamba mwenye mbegu ya mtama na habari za soko, asiwe tena mlanguzi peke yake. Kwa hali ilivyo, mlanguzi ndiye anayetangulia kufika.

Wapo wanaotupa dawa nyepesi: ihalalishwe, walangu watakosa kazi na mkulima atatajirika. Watazame walikoanza. Lesotho ilitoa leseni kuanzia mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata 2018, Malawi ikatunga sheria yake 2020. Huko Lesotho, ambako wanakijiji wa milimani walikuwa wakilima bangi kwa vizazi, leseni ilikuwa na gharama ambayo hakuna mwanakijiji angeweza kuilipa. Walioingia ni makampuni yenye mitaji ya nje, ya Canada na kwingineko, yakajenga mabanda ya kioo na ya nailoni, na mwenyeji akabaki kuwa kibarua, au kuendelea kuvunja sheria kama zamani. Mbegu zenyewe za hiyo indica ya kisasa zina wenye kuzimiliki. Mkulima wa Mpwapwa asiyeweza kulipia mashine ya kupimia unyevu wa alizeti atalipia maabara ya kupimia THC? Anayemwambia hivyo anamtafutia bwana mpya.

Jambo moja zaidi hatuwezi kulipita. Hapa Dodoma ndipo ilipo Mirembe, hospitali iliyojengwa na Waingereza katika miaka ya 1920, na pamoja nayo Isanga, mahali wanapotunzwa wale waliotenda makosa wakiwa na ugonjwa wa akili. Nchi nzima huleta wagonjwa wake kwetu, na sisi wenyeji tumelifanya jina hilo kuwa tusi: “Huyu ni wa Mirembe.” Matokeo yake ni kwamba kijana aliyeharibikiwa na bangi hufichwa ndani. Tumeingia nyumba ambamo alifungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, wazazi wakiwa wamekwisha kuuza mbuzi wote kwa waganga, mmoja baada ya mwingine, miaka miwili au mitatu, ndipo wakamkumbuka daktari. Mapema ugonjwa unapotibiwa ndipo unapotulia vizuri. Hiyo miaka mitatu ya mnyororo haikuwa bure, imelipwa na akili ya mtoto. Huduma kwa walioathiriwa na dawa za kulevya iko Itega, chini ya hospitali hiyo hiyo. Padre au katekista akiombwa kumwombea mgonjwa wa namna hii, amwombee, kisha asiondoke kabla ya kuuliza ni lini atapelekwa hospitali na nani atatoa nauli. Jumuiya ndogondogo zinazochangia harusi kwa moyo mkunjufu zisione tabu kuchangia nauli hiyo. Wala kumpeleka mgonjwa kwa daktari si kumpeleka polisi. Wazazi wengi wanaogopa hilo, nasi tunaomba wahudumu wa afya waliseme waziwazi.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa sheria, hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Tunawaomba wajumbe wa Haki na Amani wa kila parokia wahudhurie unaofuata, wakae mbele, na kabla ajenda hazijafungwa waulize maswali mawili, yaandikwe katika muhtasari pamoja na majibu yake: tangu mashamba yalipochomwa, bwana shamba amefika hapa mara ngapi, na mtu aliyeleta mbegu na fedha anajulikana kwa jina gani, na kwa nini jina hilo halijafika mahakamani?